Mihadarati: Sheria Kali, Mizani Iliyopinda



Khatibu anapopanda mimbari na kuligusa balaa la unga, mara nyingi husikika maneno mawili. La kwanza ni kwamba sharia ya Kiislamu imekwisha kulimaliza jambo hili, muuza unga hukumu yake ni kuuawa, na hakuna la kuzungumza zaidi. La pili ni kwamba sheria za serikali zetu ni laini, na lau zingekuwa kali unga usingefika mitaani. Wasikilizaji huitikia kwa takbiri kisha wakarudi majumbani, na kijana aliyelala barazani kwa arosto wakampita kama walivyompita jana.

Makala hii inakusudia kuyapima maneno hayo mawili kwa mizani ya fiqhi na ya historia. Mwandishi anaona kwamba la kwanza linawasingizia mafakihi jambo ambalo hawakukubaliana juu yake, na la pili linakwenda kinyume na sheria zilivyoandikwa. Balaa lenyewe hatulipunguzi hata chembe. Tatizo ni kwamba tiba isiyofuata ugonjwa humwacha mgonjwa akafa huku mganga akisifiwa kwa ukali wake.

Uharamu hauna mzozo

Tuanze na lile ambalo hapana khitilafu ndani yake. Qur'ani imeuharamisha ulevi hatua kwa hatua. Suratul-Baqara (2:219) ilibainisha kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Suratun-Nisai (4:43) ikakataza kuikaribia swala katika hali ya ulevi. Kisha Suratul-Maida (5:90-91) ikaukata kabisa, na ikataja sababu, nayo ni uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiliwa na dhikri na swala.

Ama kuhusu vile visivyokuwa divai ya zabibu, Sayyidna Umar (r.a.) alieleza juu ya mimbari ya Mtume (s.a.w.) kwamba khamri ilipoharamishwa ilikuwa ikitengenezwa kwa vitu vitano, yaani zabibu, tende, asali, ngano na shayiri. Kisha akatoa kipimo cha jumla, kwamba khamri ni kile kinachoifunika akili. Riwaya hii imo katika Bukhari na Muslim. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ummu Salama (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kila chenye kulevya na kila chenye kulegeza mwili. Mafakihi wa baadaye waliishika hadithi hii walipokutana na mimea ambayo haikujulikana Madina.

Hashishi, yaani bangi inayotayarishwa na kuliwa au kuvutwa, ilienea katika miji ya Waislamu baina ya mwisho wa karne ya 6 na karne ya 7 ya Hijria, zama za misukosuko ya Matatari. Maulamaa waliikabili kwa uzito. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H) aliitolea fatwa kali, na Az-Zarkashi (aliyefariki 794 H) akaiandikia risala mahsusi. Ibn Hajar al-Haytami wa Makka (aliyefariki 974 H), Mshafii ambaye vitabu vyake vinasomwa katika pwani yetu mpaka leo, aliihesabu hashishi pamoja na afyuni katika madhambi makubwa. Kwa hiyo asitafute mtu mwanya katika asili ya hukumu. Heroini imetokana na afyuni, na ni kali kuliko mama yake mara nyingi.

Adhabu: hapa ndipo walipotafautiana

Kuharamishwa kitu ni jambo moja, na adhabu yake duniani ni jambo jingine. Wengi wetu huchanganya hapa.

Ibn Taymiyya aliona kwamba mwenye kutumia hashishi hupigwa hadd kama mnywaji wa pombe. Al-Qarafi wa madhehebu ya Malik (aliyefariki 684 H) aliyaangalia mambo kwa jicho jingine katika kitabu chake Al-Furuq. Alipambanua baina ya kinacholevya kwa kuleta furaha na ujasiri, na kinachoharibu akili bila ya furaha hiyo, na kinacholaza. Hashishi akaiweka katika fungu la vyenye kuharibu akili, akahukumu kuwa mwenye kuila anastahiki taazir, si hadd. Na hivyo ndivyo yalivyo maelezo ya Mashafii juu ya vitu vikavu vyenye kuathiri akili: ni haramu, na mtumiaji hutiwa adabu kwa kadiri atakavyoona hakimu.

Tafauti hii si ya maneno matupu. Hadd ina kipimo ambacho hakimu hawezi kukizidisha wala kukipunguza. Taazir imeachwa kwenye ijtihadi: hakimu anaangalia kosa, anamwangalia mkosaji, na anaangalia adhabu itazaa nini. Anaweza kuonya, kufunga, kutoza au kusamehe. Basi mwenye kusema "sharia imekwisha kulimaliza" amelifunga lile ambalo mafakihi waliliacha wazi kwa makusudi.

Na hata hadd ya pombe yenyewe ina historia inayofunza upole. Katika zama za Mtume (s.a.w.) na za Abubakar (r.a.) mnywaji alipigwa kiasi cha mapigo 40. Watu walipozidi kunywa, Sayyidna Umar (r.a.) alitaka shauri, na Abdurrahman bin Auf (r.a.) akashauri yafanywe 80. Alipokuja kupigwa Walid bin Uqba katika ukhalifa wa Uthman (r.a.), Sayyidna Ali (r.a.) alisimamisha mapigo yalipofika 40, akaeleza kwamba yote mawili ni sunna lakini hayo ndiyo anayoyapenda zaidi. Na imepokewa kutoka kwake katika Bukhari na Muslim kwamba lau mtu angekufa kwa hadd nyingine asingeona uzito moyoni, isipokuwa mnywaji wa pombe. Huyo angemlipia diya, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) hakumwekea kipimo maalumu. Tuizingatie kauli hii. Huyu ni khalifa na hakimu mkubwa wa umma, naye anahofia deni la damu kwa mtu aliyekufa chini ya fimbo ya hukumu. Sisi leo tunaitaka roho ya mtu kwa wepesi wa kuomba glasi ya maji.

Atasema msemaji: ipo hadithi ya kuuawa mnywaji akirudia mara ya nne. Ni kweli imepokewa katika vitabu vya Sunan. Lakini At-Tirmidhi, ambaye ni miongoni mwa walioipokea, ameeleza kwamba wanazuoni hawakuifanyia kazi, na ipo riwaya kwamba mtu aliletwa kwa mara ya nne akapigwa wala hakuuawa. Ibn Hazm alikuwa na rai yake, lakini maimamu wanne hawakwenda naye.

Muuzaji, na kiasi cha hiraba

Sasa tumgeukie mfanyabiashara. Katika hadithi mashuhuri Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi katika pombe: mkamuaji, mkamuliwaji, mbebaji, mbebewaji, muuzaji, mnunuzi, mlaji wa thamani yake na wengineo. Ona jinsi mnyororo wote ulivyotajwa. Sheria za kimataifa za mihadarati zilihitaji mikataba mitatu, wa 1961, wa 1971 na wa Vienna wa 1988, mpaka zikafika kwenye usafirishaji na fedha chafu kwa ukamilifu. Hadithi ilikwisha kumtaja mla thamani karne 14 nyuma. Lakini ona pia kwamba laana imetajwa na adhabu ya duniani haikuainishwa. Muuzaji naye amebaki katika mlango wa taazir.

Kauli ya kumuua imetoka wapi, basi? Chimbuko mashuhuri katika zama zetu ni uamuzi nambari 138 wa Baraza la Maulamaa Wakubwa la Saudi Arabia wa mwaka 1407 H (1987). Uamuzi huo ulisema kwamba mwenye kuingiza mihadarati nchini kwa magendo huuawa, kwa kuwa kitendo chake ni ufisadi mkubwa katika ardhi. Ama mwenye kuisambaza ndani, mara ya kwanza hutiwa adabu kali kwa kifungo, viboko au faini, na akirudia ndipo yaweza kufikia kuuawa. Iran nayo ilipitisha sheria yake mwaka 1988, na chini yake gramu 30 za heroini zilitosha kumpeleka mtu kitanzini.

Maulamaa hao walikuwa wakikabili hatari ya kweli, na heshima yao inabaki. Lakini hoja hupimwa, wala mwenye hoja hakosewi adabu kwa kupimwa hoja yake. Na hapa zipo hoja tatu za kuangaliwa.

Kwanza, aya ya hiraba (5:33) inawahusu wenye kupiga vita na kufanya ufisadi katika ardhi, na mafakihi, Mashafii wakiwa mbele, waliifasiri kwa wakata njia: wenye nguvu na silaha, wanaowachukulia watu mali na roho kwa kuwashinda. Muuza kete hamkatii mtu njia kwa panga. Dhulma yake ni kubwa, lakini si ile dhulma iliyotajwa. Kumkisia mtu kwenye hadd kunahitaji dalili nzito. Mahanafi wanakataa kabisa kukisia katika hudud, na Mashafii, ijapokuwa wanakubali asili ya kiasi, wanataka sababu iwe moja baina ya vitu viwili.

Pili, ikiwa si hadd basi ni taazir, na hapa linazuka swali kama taazir inaweza kufikia kuua. Wapo Wamaliki, na Mahanafi kwa njia ya siasa ya kisharia, na Ibn Taymiyya, walioruhusu katika hali maalumu. Asili kwa Mashafii ni kwamba taazir haifiki kiwango cha hadd, seuze kuipita. Basi khatibu wa pwani hii anayefundisha Minhaj asubuhi kisha akatangaza Ijumaa kwamba "sharia" inataka roho ya kila muuza unga, ameyaacha madhehebu yake nyumbani.

Tatu, aya inayofuata mara moja (5:34) inawatoa wale waliotubia kabla ya kukamatwa. Mwenye kuichukua aya ya 33 hana budi kuichukua ya 34. Ni nani katika wanaodai hukumu ya hiraba aliyewahi kutaka mlango huu wa toba nao uandikwe katika sheria za nchi?

Tukiongeza mizani ya matokeo, picha inazidi kuwa wazi. Iran, baada ya miaka karibu 30 ya kunyonga, ilirekebisha sheria yake mwaka 2017. Kiwango cha kifo kwa heroini kikapandishwa mpaka zaidi ya kilo 2, na kwa afyuni zaidi ya kilo 50. Wabunge na maafisa wao wenyewe walikuwa wamekiri kwamba vitanzi havikuupunguza unga. Malaysia iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo mwaka 2023, ikamrudishia hakimu hiari yake, jambo ambalo ndilo hasa maana ya taazir. Saudi Arabia ilisita kuua kwa makosa haya kuanzia 2020, kisha ikarudia Novemba 2022. Na wanaofikishwa mbele ya upanga ni nani? Wengi wao ni wabebaji, wale waitwao "punda", maskini waliomeza pipi za unga kwa ahadi ya tiketi na fedha. Wapo Waafrika Mashariki katika jela za Hong Kong na China kwa kosa hili hili. Aliyewatuma bado yuko nyumbani kwake.

Somo la Kairo

Historia ina funzo ambalo halitajwi mimbarini. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri, anasimulia kwamba kiasi cha mwaka 780 H amiri Sudun ash-Shaykhuni aliwaandama walaji wa hashishi wa Kairo. Aliing'oa mimea yenyewe, akawakamata watu wanyonge waliokuwa wakiila, na adhabu yao ikawa kung'olewa meno. Meno mengi yaling'olewa. Kisha anasimulia kwamba ilipofika 815 H hashishi ilikuwa ikiliwa hadharani, na watu wa tabaka la juu wakiizungumza bila ya haya.

Ni miaka 35 tu. Adhabu iliwashukia wanyonge mabegani, kisha maradhi yakapanda ngazi mpaka kwa wakubwa, na huko hakukuwa na wa kung'oa meno.

Je, sheria zetu ni laini?

Tuje kwenye neno la pili. Kenya ilitunga sheria yake ya mihadarati mwaka 1994, na adhabu ya usafirishaji ikawa kifungo cha maisha pamoja na faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya mali, ipi iliyo kubwa. Mwaka 2022 ikarekebishwa ili adhabu ifuate zaidi uzito wa mali. Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya 1995 yenye kifungo cha maisha, ikaja sheria mpya ya 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na ikakazwa tena 2017. Zanzibar ilitunga yake 2009. Hakuna hata moja katika hizi ambayo mwenye akili ataiita laini.

Pamoja na hayo, ilikuwa ni katika miaka hiyo hiyo baada ya 1994 na 1995 ambapo heroini nyeupe iyeyukayo katika maji ilienea Mombasa, Malindi, Dar es Salaam na Unguja, na sindano zikafuata, na virusi vya UKIMWI na homa ya ini vikafuata sindano. Karatasi ilikuwa kali. Kilichokosekana ni mkono wenye kumfikia anayestahiki.

Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Unga uliangamizwa baharini. Na desturi ya vikosi vile, kwa kuwa havina mamlaka ya kuhukumu katika bahari kuu, ni kuliachilia jahazi na mabaharia wake wende zao. Julai mwaka huo huo ikakamatwa Mombasa meli ya Amin Darya, heroini ya zaidi ya kilo 370 ikiwa imefichwa katika tangi lake la dizeli. Mwisho wa Agosti meli ikalipuliwa baharini mbele ya Rais wa nchi, kesi ikiwa bado mahakamani. Moshi ulionekana na picha zikapigwa. Lakini mwenye kujua kanuni za ushahidi atauliza: kadhi gani anakichoma kielelezo kabla ya kutoa hukumu?

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ndugu wawili wa ukoo wa Akasha. Walikamatwa Mombasa Novemba 2014, kesi ikaenda na kurudi, na wao wakiwa nje kwa dhamana. Januari 2017 wakapelekwa Marekani. Oktoba 2018 wakakiri makosa mbele ya mahakama ya New York, na miongoni mwa waliyoyakiri ni kuwahonga maafisa wa Kenya. Mmoja akahukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na wa pili miaka 23 mwaka 2020. Kwa miaka zaidi ya miwili sheria ya kifungo cha maisha ilikuwepo Mombasa na watuhumiwa walikuwepo Mombasa. Hukumu ikapatikana ng'ambo ya bahari mbili.

Hapa ndipo penye jeraha, na fiqhi inalijua jina lake. Ni rushwa, ambayo Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji wake na mpokeaji wake. Na katika kisa cha mwanamke wa Bani Makhzumi alieleza kwamba waliopita kabla yetu waliangamia kwa kuwa mtukufu akiiba walimwacha, na dhaifu akiiba walimsimamishia hukumu. Ukiisoma hadithi hii katika korido ya mahakama ambapo vijana watano wanasubiri kesi ya kete mbili mbili, huhitaji mfasiri. Kuzidisha ukali wa sheria ambayo haiwafikii wakubwa ni kuuzidisha uzito wake juu ya wanyonge peke yao. Na pengine ni kupandisha bei ya rushwa, kwa sababu mtu anayehofia kifungo cha maisha hutoa zaidi kuliko anayehofia miaka mitatu.

Insafu inataka tutaje na upande wa pili. Afghanistan, kwa amri ya watawala wake ya Aprili 2022, kilimo cha mpopi kilishuka kutoka hekta 233,000 mwaka huo hadi 10,800 mwaka 2023, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa. Na kabla yake, katazo la 2000 nalo liliufuta karibu wote kwa msimu mmoja. Asiseme mtu kwamba katazo halifanyi kazi kabisa. Lakini hesabu hizo hizo zinaonyesha kuwa mapato ya wakulima kwa afyuni yalianguka kutoka dola zaidi ya bilioni moja hadi kiasi cha milioni 110, bila ya zao mbadala la kutosha. Katazo la 2000 halikudumu baada ya utawala kuanguka, na la sasa litapimwa kwa miaka, si kwa msimu. Na pale heroini inapopungua, vidonge na unga wa viwandani hushika nafasi yake.

Fatwa iliyosahauliwa

Sasa tumfikie yule anayesahauliwa na pande zote, naye ni mraibu, huyu tunayemwita teja.

Ibn Hajar al-Haytami, yule yule aliyeihesabu afyuni katika madhambi makubwa, aliulizwa kuhusu mtu aliyekwisha kuzoea kula afyuni mpaka ikawa akiikosa anakufa. Akajibu kwamba likijulikana hilo kwa yakini, inamhalalikia, bali inamuwajibikia kula kiasi cha kuhifadhi roho yake, kama nyamafu kwa mwenye dharura. Na ni wajibu juu yake kuipunguza kidogo kidogo mpaka mwili uache kuitamani bila ya kuhisi. Ibn Abidin wa Kihanafi aliinukuu fatwa hii katika kitabu chake mashuhuri, pamoja na kauli kwamba kanuni za Kihanafi haziipingi.

Ndugu msomaji, tuisome mara mbili. Karne ya 10 ya Hijria fakihi wa Makka alifahamu kwamba uraibu unaufunga mwili na si nia peke yake, kwamba kukata ghafla kwaweza kuua, na kwamba njia ni kushuka ngazi. Na uharamu wa afyuni haukumzuia kuyaona hayo, wala kuyaona hakukumlegeza katika uharamu.

Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, ikaanza Kenya katika hospitali ya Mathari Desemba 2014 na Malindi mwanzoni mwa 2015, na Zanzibar mwaka huo wa 2015. Mgonjwa hunywa kipimo chake mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Dawa humkinga na arosto kwa muda wa siku nzima na, ikipimwa sawasawa, haimpi ule ulevi wa kete. Anaweza kufanya kazi, kuswali na kulea wanawe, na hana haja ya sindano ya kuazima.

Wapo wanaopinga kwa kusema kuwa huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Tuwajibu kwa kipimo cha Sayyidna Umar (r.a.): je, akili imefunikwa? Mtu anayetoka kliniki akenda kwenye bodaboda yake au genge lake, akahesabu chenji na kuikumbuka rakaa ya ngapi, hiyo akili haijafunikwa. Na mafakihi wa Kishafii walizungumza juu ya kuruhusiwa vyenye kuondoa hisia kwa ajili ya kukata kiungo kilichooza, pale haja ya tiba inapokuwepo. Inabaki tafauti moja ambayo hatutaificha. Ibn Hajar alishurutisha kupunguza, na wagonjwa wengi wa methadoni hubaki nayo miaka mingi kwa kuwa wakiiacha hurudi kwenye unga. Jambo hili linastahiki kikao cha mafakihi na madaktari pamoja. Rai ya mwandishi ni kwamba wajibu wa kupunguza umefungamana na uwezo, na daktari mwaminifu ndiye shahidi wa uwezo huo, kama alivyo shahidi wa ruhusa ya kutofunga kwa mgonjwa.

Na kabla ya mtu kumfukuza teja kwenye safu ya nyuma ya msikiti, akumbuke yule sahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa ulevi. Mtu mmoja akamlaani, na Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akamshuhudia kwamba anampenda Allah na Mtume Wake. Na katika riwaya nyingine akawakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Mnywaji alipigwa, na baada ya kupigwa alibaki ndugu.

Jani moja, hukumu mbili

Ipo pia kasoro ya sheria kutokuwa na mizani. Miraa ni zao halali Kenya na linauzwa waziwazi. Jani hilo hilo, kwa jina la mirungi, likivuka mpaka wa Namanga ni dawa ya kulevya kwa sheria ya Tanzania. Ibn Hajar aliliandikia risala, akasema kwamba habari za watumiaji zimempingana, wengine wanadai linadhuru na wengine wanakanusha. Kwa hiyo hakukata uharamu wake moja kwa moja, bali alinasihi kulikwepa. Hivi ndivyo fakihi afanyavyo: akikosa yakini hunasihi, na hamfungi mtu kwa dhana. Kuliweka jani hili katika daftari moja na heroini ni kumfundisha kijana kwamba daftari lote ni la uongo.

Tunachokitaka

Hatuombi milango ifunguliwe. Tunaomba mizani inyooshwe. Mwenye kula thamani, mwenye meli, nyumba na akaunti, afikwe na ukali wote wa taazir. Mali yake itaifishwe kwa hukumu ya mahakama, na afisa aliyemkingia kifua ahukumiwe pamoja naye. Mbebaji maskini aadhibiwe kwa kosa lake yeye, wala asibebeshwe kosa la aliyemtuma. Na mraibu apelekwe kwenye tiba, kwani jela haijawahi kumtibu, na unga umo jelani pia.

Na lipo ambalo halihitaji bunge. Mgonjwa wa methadoni hutakiwa kufika kliniki kila siku, na wengi huiacha tiba kwa kukosa nauli. Kliniki ni chache na mitaa iko mbali. Fukara na maskini ni mafungu mawili ya mwanzo katika aya ya zaka (9:60). Kamati ya msikiti iliyo na fungu la zaka inaweza kumlipia nauli kijana mmoja kwa mwaka mzima, na inaweza kuzisaidia soba hausi zinazoendeshwa na vijana waliotubia wenyewe. Hilo litafanya kazi kubwa kuliko khutba kumi za kuomba vitanzi. Na khatibu akitaka kuisema hukumu ya unga Ijumaa ijayo, basi aisome na fatwa ya Ibn Hajar mpaka mwisho wake, kisha ateremke kwenye mimbari aende kumwamsha yule aliyelala barazani.

Wallahu aalam.